Ng'ombe Wangu Alitambua Sauti Ndani ya Telefone ya Motari

Kitu cha kwanza nilichokiona ni sikio.

Sikio la kushoto la Bihogo, ng'ombe wetu mwekundu. Liligeukia nyuma polepole, kama muntu aliyesikia jina lake likiitwa ng'ambo ya kilima.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa chini yake, ndoo katikati ya magoti. Ndoo ilikuwa tupu.

Siku mbili nzima Bihogo alikuwa amezuia maziwa. Kosa halikuwa lake. Koo lilinishika, sauti ikapotea yote, na Bihogo haachii maziwa mpaka nimwimbie. Si wimbo wa maneno. Ni mvumo tu, mdomo umefungwa. Unapanda mara tatu, unashuka mara moja. Bibi yangu Emérita alikuwa akimvumia hivyo bibi yake Bihogo. Hapa Kirolirwe kila mwenye kukamua ana mvumo wake, na ng'ombe anaujua wa kwake kama mutoto anavyojua harufu ya mama.

Basi asubuhi ile Nzabonimpa, motari wetu mupya, alisimamisha pikipiki kwenye ua achukue bidoni za maziwa. Telefone ilikuwa inaimba ndani ya mfuko wa koti lake.

Sikio la Bihogo likageuka.

Kisha maziwa yakaja. Shwaa, shwaa, shwaa. Hata sikumkamua kwa nguvu. Yalikuja yenyewe.

Nzabonimpa akacheka hadi akashika tumbo.

"Heee! Dada Uwitonze! Ng'ombe yako iko mukristo! Iko napenda Mawe!"

Mawe ni kundi la vijana wa kanisa letu. Albamu yao ya kwanza, *Usinyamaze*, ilikuwa imetoka wiki ile. Kila motari kati ya hapa na Masisi alikuwa nayo.

Mimi sikucheka. Kabla magitare hayajaanza, kabla ngoma hazijaingia, nilisikia alichosikia Bihogo. Muntu anavuma. Mara tatu juu, mara moja chini.

Ilikuwa sauti yangu.

Na mimi sijawahi kuimba kwenye albamu ya muntu yeyote.

"Nani anavuma pale mwanzo?" nilimuuliza, kwa ile sauti ya kukwaruza niliyobaki nayo.

"Weye si uko wa hapahapa? Ni Claudette! Dada yako! Aii, ile sauti, hata malaika wanaketi wasikilize."

Akafunga bidoni, akaondoka. Nilibaki na ndoo imejaa.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, maana bila hivyo mtanihurumia, na mimi si wa kuhurumiwa.

Claudette ni mutoto wa mama yangu mudogo. Tulilelewa nyumba moja, tulilala mkeka mmoja. Nilipokuwa darasa la nne vita vilikuja, tukakimbia. Yeye shangazi yake alimchukua Goma, akaendelea na masomo hadi akapata diplome. Mimi tuliporudi mlimani nilikuwa mrefu kuliko benchi la shule, na ng'ombe hawakuwa na muntu. Nikabaki na ng'ombe.

Simlaumu. Lakini tazama.

Claudette akicheka, watu wanageuka. Mimi nikiongea, watu wanasema, "Unasema nini?" Katika korali ya kanisa yeye anasimama mbele, katikati. Mimi nasimama mstari wa nyuma, nyuma ya mgongo wa Mama Nyirabahire, na mnaomjua Mama Nyirabahire mnajua nyuma ya mgongo ule muntu anaweza kuhama mji na kanisa lisijue.

Nilijificha pale kwa kupenda. Halafu nilimchukia Claudette kwa sababu hakuna aliyenitafuta.

Wivu wangu haukuwa wa moto. Ulikuwa kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu. Hayapigi kelele. Yanageuka tu.

Basi mwaka huu Claudette alirudi kutoka Goma, suruali imepasuka magotini, pamoja na kijana anaitwa Gisubizo, mpiga gitare. Wakaleta muziki ambao milima yetu haikuwahi kusikia. Gisubizo anauita punki. Magitare yanakwenda mbio kama ng'ombe walioona chui, ngoma zinapiga kama mvua ya mawe juu ya bati, lakini wimbo wenyewe ni mtamu, mutoto anaushika mara moja. Na maneno yote ni ya Yesu.

Jumapili ya kwanza walipopiga, Papa Bayingana, mzee wa kanisa, alisimama akauliza:

"Sasa hii ni muziki ya Mungu ao ya nyuki?"

Gisubizo akajibu, "Papa, hata nyuki ni wa Mungu."

Kanisa lote likacheka. Pasta Nshimiyimana akacheka zaidi ya wote, na ikawa ruhusa.

Wakajiita Mawe, kwa sababu Yesu alisema hawa wakinyamaza mawe yatapiga kelele. Claudette aliimba. Gisubizo alipiga gitare. Na ngoma zilipigwa na Élysée.

Élysée njo alikuwa motari wetu wakati ule, kabla ya Nzabonimpa. Alibeba maziwa ya mlima wote hadi nyumba ya fromaji ya Papa Sebarenzi, pale maziwa yanapogeuzwa jibini. Alipiga ngoma juu ya kila kitu: bidoni, tangi la pikipiki, hata goti la muntu aliyekaa karibu naye. Na ni yeye peke yake aliyekuwa akiniuliza mambo kisha akangoja jibu. Kwa muntu kama mimi, kungojwa ni zawadi.

Walitaka kurekodi albamu. Studio ya Goma ilikuwa mbali nao kwa kila namna. Kanisani bati linarudisha kelele, kila neno linasikika mara tatu.

Ndipo siku moja Gisubizo akaja nyumba ya fromaji kununua, akaingia chumba cha ndani, pale fromaji zinapokomaa. Akapiga makofi mara moja.

Pa!

Hakuna kilichorudi.

"Mungu wangu," akasema. "Hiki chumba kinameza kelele."

Ni kweli. Ukuta ni mnene, dari ni la nyasi chini ya bati, na kuta zote nne zina mbao za fromaji kutoka chini hadi juu. Fromaji mia mbili na kitu, nene, laini, zimekaa kama watu waliofungua masikio. Sauti ikiingia pale haitoki.

Pasta akaenda kumwomba Papa Sebarenzi. Papa Sebarenzi akakubali kwa jina la Bwana, kwa sharti moja: fromaji zisiguswe na muntu yeyote isipokuwa mimi.

Kwa sababu mimi njo nafanya kazi ile. Asubuhi nakamua, kisha nakwenda kuzigeuza fromaji, moja moja, kuzipangusa na kitambaa cha maji ya chumvi, na kufungua madirisha. Madirisha ya ubao ni mawili. La upande wa bonde linafunguliwa asubuhi na jioni. La upande wa upepo, wakati wa kiangazi, halifunguliwi. Upepo mkavu wa mchana ukiingia, ngozi ya fromaji inakauka haraka kuliko tumbo lake, inapasuka. Hilo nililijua kabla sijajua kuandika jina langu.

Siku ya kwanza ya kurekodi, Gisubizo akaweka ordinatere, kompyuta yake ya kukunja, juu ya meza ya chumvi, akasimamisha mikro ya kunasa sauti katikati ya chumba. Claudette akaja kwangu.

"Dada, tafadhali, tukianza, usitembee."

"Hata kupumua," Élysée akaongeza kutoka nyuma ya ngoma, "pumua kwa zamu. Fromaji moja, weye moja."

Nilikaa kwenye kona na kitambaa changu cha chumvi, nikatazama.

Jamani, Claudette alikuwa mzuri. Ninaandika hivi na bado inaniuma. Alifunga macho, akaimba kama muntu anayekimbia kuteremka mlima akijua hataanguka. Kila wimbo ulipoisha walipiga kelele, wakakumbatiana. Mimi nilikuwa nimebeba chumba kile miaka sita mikononi mwangu, na sasa kilikuwa chumba chao.

Siku ya nne walikuwa wanajaribu wimbo wa kumi, wa mwisho, "Usinyamaze". Gisubizo hakuupenda mwanzo wake.

"Unakosa kitu," alisema. "Kabla ya magitare kuingia. Kitu kidogo cha kimya."

"Kimya?" Claudette akacheka. "Basi muchukue Uwitonze! Huu wimbo ni wake. Huyu hata Yesu akimuuliza jina, atajibu, 'Bwana, nitakuletea kesho.'"

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Élysée hakucheka, lakini hilo nililikumbuka baadaye tu.

Saa sita wakatoka kwenda kula maharagi na bugali jikoni kwa Papa Sebarenzi. Nikabaki peke yangu na fromaji.

Nilitembea hadi dirisha la upande wa upepo.

Bawaba zake ni za zamani, zina kutu. Nikalisukuma. Nikaweka kijiti lisijifunge. Upepo ukaingia, ukanipiga usoni, mkavu kama majivu.

Kisha nikaendelea kugeuza fromaji zangu kama kawaida. Kabla hawajarudi nikalifunga.

Siku ya tano, hivyo hivyo. Siku ya sita, hivyo hivyo.

Siku ya saba fromaji za mbao za juu zilikuwa zimepasuka. Mistari myembamba, kama kisigino cha muntu wakati wa kiangazi.

Nilikwenda kwa Papa Sebarenzi. Alikuwa ameketi mlangoni anakunywa maziwa.

"Papa."

Akashtuka. Nadhani tangu mwaka uanze sikuwa nimemwita mimi kwanza.

"Sema, binti yangu."

"Fromaji zinapasuka."

"Tangu lini?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Tangu ngoma zianze."

Ni hayo tu. Maneno matatu.

Papa Sebarenzi akaacha kikombe, akaingia chumbani. Mawe wote walikuwemo. Akaweka kiganja juu ya ubao wa fromaji.

"Élysée. Piga."

"Papa?"

"Piga ile kubwa."

Élysée akapiga ngoma kubwa mara moja. Duu.

Ubao ukatetemeka chini ya kiganja cha mzee. Wote tuliona. Bila shaka ulitetemeka, ubao wowote ungetetemeka. Lakini mzee aliondoa mkono polepole kama aliyeguswa na nyoka.

"Basi. Nimeona. Miaka makumi tatu natengeneza fromaji, sikujua ngoma inaingia hadi ndani ya tumbo la maziwa."

Claudette akaanza kulia. Gisubizo akasema, "Papa, haiwezekani, ile ni kelele tu..."

"Kijana, weye unamushinda Uwitonze kwa kujua fromaji? Huyu mutoto hajasema neno miaka sita. Leo amesema. Utasema amesema bure?"

Ni nani angemjibu?

Ndipo Élysée akaweka chini vijiti vyake.

"Papa, mimi njo napiga. Hawa wengine wasiadhibiwe. Kosa iko ya mikono yangu."

"Basi hiyo mikono isinibebee maziwa tena," Papa Sebarenzi akasema.

Siku ile ile Mawe walitoa vyombo vyao, wimbo wa kumi ukiwa hauna mwanzo. Wiki iliyofuata Élysée alishuka Walikale, hadi Buleusa, kwa mjomba wake, kulima mihogo. Alipita kuniaga. Alisema, "Dada Uwitonze, fromaji zako unisamehe."

Aliniomba msamaha. Mimi. Nikatikisa kichwa kwamba nimemsamehe.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile ya Bihogo. Sikuuliza mtu chochote zaidi. Lakini msidhani nilifikiri juu ya Élysée. Hapana. Nilifikiri kitu kimoja tu: Claudette ameniibia. Sijui kwa njia gani, lakini amechukua hata kile kidogo nilichonacho na Bihogo, na watu wanamwita malaika.

Dhambi yangu niliisahau kabisa. Wivu una hesabu ya ajabu, unaona tu upande mmoja.

Siku nne baadaye ilikuwa sherehe ya albamu, Jumapili baada ya ibada. Sauti yangu ilikuwa imerudi. Nilikuwa nimeamua. Nitasimama. Nitatoka nyuma ya Mama Nyirabahire, mbele ya kanisa lote, nitavuma mara moja tu, na kila mtu atajua.

Nilifanya mazoezi siku tatu kwenye zizi. Bihogo alinipa maziwa mengi sana wiki ile.

Nikiwa nyuma ya kanisa, pale akina mama wanapooshea sahani, Claudette akanijia. Alikuwa amevaa ile suruali ya magoti yaliyopasuka na amepaka mdomo rangi. Alinitazama mara moja.

"Umesikia."

"Ni sauti yangu," nikasema.

Nilingoja akatae. Nilikuwa na majibu yote ya kukataa kwake.

"Ndiyo," akasema. "Iko yako."

Nikafuta mikono kwenye kitenge.

"Gisubizo alisahau mikro, ilibaki inarekodi tulipokwenda kula. Alipofika Goma njo aliikuta. Akasema, 'Huu ndio mwanzo.' Mimi nilimwambia afute. Uwitonze, nilisikiliza nikalia. Si kwa furaha. Miaka yote niko nasimama mbele ya korali, kumbe sauti iko nyuma ya mugongo wa Mama Nyirabahire. Nilimwambia afute, akakataa. Watu walipodhani ni mimi, nikaacha wadhani."

Lazima niseme ukweli: nilifurahi. Claudette, mwenye diplome, ananionea wivu mimi! Nilisikia utamu hadi kwenye meno.

"Leo watajua," nikasema.

"Ngoja."

Akatoa telefone. Akaniwekea kisikilizio kimoja sikioni.

"Hii si ya albamu. Hii ni yote, vile mikro ilichukua. Sikiliza."

Nikasikia chumba changu. Nilikitambua kwa kimya chake. Nikasikia miguu yangu. Kitambaa kikilowekwa. Mvumo wangu, mara tatu juu, mara moja chini.

Kisha miguu ikatembea kwenda upande wa kulia.

Kisha: *kwiii*.

Kisha kijiti. Kisha upepo, mrefu, ukiingia.

Kisha mvumo wangu ukaendelea, mtulivu, kama wa muntu asiye na neno na mtu.

Claudette akaondoa kisikilizio.

"Gisubizo anafikiri ni mulango. Alipenda hivyo ulivyolia, ameiacha mu wimbo. Lakini mimi nilicheza utoto wangu wote mu ile nyumba pamoja naweye. Najua dirisha la upepo linavyolia."

Nikamgeukia.

"Kumbe ulijua, hukusema kwa Papa Sebarenzi?"

"Ningesema, angeuliza nimejua namna gani. Ningemusikilizisha. Angesikia ile sauti ni ya nani."

Tukatazamana. Ndani ya kanisa watoto walikuwa wameanza kupiga makofi, wanawaita Mawe.

"Weye unanyamaza juu ya sauti," Claudette akasema polepole. "Mimi nanyamaza juu ya dirisha."

Nikatikisa kichwa. Ndiyo.

Tukaingia. Yeye mbele, mimi nyuma ya mgongo wa Mama Nyirabahire kama kawaida.

Wakapiga "Usinyamaze". Ngoma zilipigwa na kijana aliyeazimwa kutoka Masisi. Gisubizo akafungulia mwanzo kutoka kwenye ordinatere: mvumo, kisha *kwiii*, kisha magitare kama ng'ombe walioona chui. Kanisa lote likaruka. Pasta Nshimiyimana aliruka. Papa Sebarenzi mwenyewe, na fimbo yake, aliruka. Watoto walikuwa wameshajifunza: kila ikifika pale wanapiga kelele pamoja, "Kwiii!" na wanacheka.

Watu mia tatu walikuwa wanacheza dhambi yangu, na wote waliijua kwa moyo.

Miezi mitatu imepita tangu siku ile.

Nilifikiri nitazoea. Badala yake nilianza kuonea wivu sauti yangu mwenyewe. Ile ya ndani ya telefone inapendwa, inakwenda harusini, inapanda pikipiki hadi mahali ambapo sijafika. Mimi niko hapa nageuza fromaji. Nikivuma njiani watu wananiambia, "Uko naiga Claudette vizuri!"

Na uongo wangu nao ulitembea. Papa Sebarenzi aliwaambia watengenezaji wenzake, nao wakaambia wenzao. Sasa katika milima yetu ngoma za harusi zinanyamaza zinapopita karibu na nyumba ya fromaji. Wanapita kwa ncha za vidole vya miguu, bibi arusi na wote, kisha wakivuka wanaanza tena. Kuna mzee mmoja anafundisha vijana kwamba ni desturi ya zamani sana.

Ningeweza kukaa na hayo yote. Mimi najua kukaa na vitu.

Lakini juzi nilipata ujumbe wa sauti kutoka Buleusa.

"Dada Uwitonze, jambo. Ni Élysée. Huku reseau ya telefone ni ya kupanda mulima, nimepanda. Nimesikia albamu. Iko muzuri, hata kama ngoma zangu zinapiga na mimi sipo. Siulizi juu ya kurudi. Nauliza kitu kimoja tu, kinanisumbua. Ile *kwiii* ya mwanzo, iko chombo gani? Najua vyombo vyote vyenye tulikuwa navyo, hicho hakikukuwa. Na kinaingia pale pale penye kinapaswa kuingia. Muntu aliyekipiga ana masikio. Umupongeze."

Kikohozi kidogo. Upepo wa mlima.

"Kanisa la huku waliniomba niwapigie ngoma. Nimekataa. Naogopa mikono yangu isipasue tena kitu ya muntu. Haya. Usalimie Bihogo."

Nimesikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko albamu.

Mara saba nilibonyeza nijibu. Mara saba nilifuta. Ndipo nikaandika haya kwenye telefone, kwa sababu kuandika hakuombi koo.

Claudette, utayasoma hapa. Sitakudanganya kwamba nimeandika kwa upendo mtupu. Kuna sehemu ndani yangu inayofurahi kwamba leo watu watajua sauti ile ni ya nani. Nimejaribu kuitoa sehemu hiyo, haikutoka. Basi nimeandika nayo ikiwa ndani. Papa Sebarenzi hasomi telefone. Yeye nitamwambia kwa mdomo, jioni hii, akiwa ameketi mlangoni, na akinifukuza nitakwenda.

Kwenu munaosoma, nina neno moja tu. Musiogope sana muntu wa kelele. Uongo wa muntu wa kelele unapimwa mara kumi kabla haujaaminiwa. Uongo wa muntu mupole unamezwa mzima mzima, kwa sababu kila mtu anafikiri kimya chake kilikuwa usafi. Changu kilikuwa wivu. Na wivu haukunipa kitu hata kimoja cha Claudette. Ulimnyang'anya Élysée mikono yake.

Asubuhi hii nilikwenda kwenye zizi. Bihogo aligeuza sikio. Nilibonyeza mara ya nane, nikashikilia kidole, na nikasema kwa sauti, mdomo wazi, mpaka ndama wakainua vichwa. Sikufuta. Nimeshatuma, na alama zimeonyesha kwamba imefika mlimani Buleusa.

Nilisema hivi:

"Élysée, ile si chombo. Ni dirisha la upande wa upepo. Ngoma zako hazikupasua kitu. Aliyelifungua ni mimi."